Sauti Iliyopita Matondoni

Matondoni ni kijiji kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kando ya mikoko, mahali ambapo majahazi huundwa. Mgeni atokaye Lamu mjini, awe amepanda punda au anakwenda kwa miguu, hukisikia kijiji kabla ya kufika: tezo inachonga mti, nyundo inagonga msumari, na mafundi wanaitana kutoka omo hadi tezi ya chombo ambacho bado hakijaonja maji. Miongoni mwa sauti hizo, kwa muda mrefu, ilikuwamo moja ambayo haikuzaliwa pale kiwandani. Hiyo ilikuwa sauti ya redio.

Redio inayokusudiwa hapa ilikuwa ya fundi mmoja mzee, ambaye kijiji kizima kilimwita Fundi bila ya kuongeza jina. Aliitundika kwenye taruma la chombo alichokuwa akikiunda, na chombo kilipokamilika na kushushwa majini, redio ilihamia kwenye taruma la chombo kingine. Mawe yake yalipoanza kuchoka, Fundi aliyatoa akayaanika juani juu ya kipande cha bati, akayarudisha, na redio ikapata pumzi ya siku mbili tatu. Alisikiliza taarifa za habari, mawaidha, taarabu na matangazo ya vifo. Hata hivyo, waliomfahamu vyema walijua kwamba kulikuwa na jambo jingine alilolitegea sikio, nalo halikuwamo katika ratiba ya stesheni yoyote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifika Matondoni watu wa redio. Walikuja kwa mashua, wamepakata mashine ya kanda kama mtu anavyompakata mtoto, wakasema kwamba wanakusanya ngoma za harusi. Kina mama wa kijiji walikuwa na vugo lao, ile ngoma ipigwayo kwa vijiti juu ya pembe huku waimbaji wakipokezana, na mke wa Fundi ndiye aliyekuwa akiongoza uimbaji. Wazee walisita. Vipi sauti ya mke wa mtu isikike na watu asiowajua, katika miji ambayo hajapata kuikanyaga? Mazungumzo yalipokwisha, uamuzi uliachwa mikononi mwa mume. Fundi alikubali. "Redio haina mato," aliwaambia kwa Kiamu chake, yaani redio haina macho, na asiyeonekana hajavunjiwa heshima.

Vugo likapigwa, kanda ikajaa, wageni wakaenda zao. Baada ya majuma kadhaa habari ilikuja kwamba ngoma ile ingetangazwa usiku baada ya sala ya Isha. Barazani kwa Fundi hapakuwa na pa kukanyaga. Mtangazaji alisema kuwa wasikilizaji wataburudishwa kwa ngoma ya kina mama wa Lamu. Hakutaja Matondoni, wala hakutaja jina la mwimbaji. Wimbo ulipoanza, mke wa Fundi alijifunika uso kwa mtandio, akicheka na kulia kwa pamoja. Ubeti wa tatu haukumalizika. Wimbo ulikatwa ili kupisha taarifa ya habari. Hiyo ikawa mara ya kwanza na ya mwisho. Mama yule alifariki dunia miaka michache baadaye, hali ya kuwa hajapata kupigwa picha hata moja, na Fundi akaendelea kufungua redio kila usiku wa siku ile ya juma, katika saa ile ile, akingoja.

Fundi alikuwa na mjukuu wa kike aliyejaliwa kwenda chuo kikuu kusomea Kiswahili. Siku moja, akiwa nyumbani kwa likizo, alimpelekea babu yake kahawa kiwandani. Mzee aliiweka tezo chini.

"Mwanangu, huko uendako wasoma Kiswahili?"

"Naam, Babu."

"Kiswahili chote?"

"Ndicho tukisomacho, Babu."

"Basi niambie. Sauti ya bibi yako iko wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Alikuwa na maelezo tele kuhusu fasihi simulizi, sifa zake, dhima zake na vipera vyake. Lakini hakuna darasa lililokuwa limemfundisha mahali pa kuitafuta sauti ya mtu mmoja aliyeimba usiku mmoja. Swali la Fundi ndilo msingi wa makala haya, kwa kuwa si swali la nyumba moja tu. Ni swali ambalo pwani nzima inaweza kuiuliza redio, na ambalo kila msomi wa Kiswahili anapaswa kujiuliza.

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kwanza kukumbuka jinsi redio ilivyofika. Nchini Kenya utangazaji ulianza mwaka wa 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Kiswahili kilipata nafasi ya maana wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipohitaji kusema na askari Waafrika na jamaa zao. Mombasa ikapata stesheni yake, Sauti ya Mvita, mwishoni mwa miaka ya 1940. Unguja ikapata Sauti ya Unguja mwaka wa 1951. Kutoka mbali zaidi, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1954, na London, kupitia BBC, tarehe 27 Juni 1957. Mwaka wa 1964 serikali ya Kenya huru iliutwaa utangazaji na kuuita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989. Mtu aliyeketi Matondoni, ambako habari zilizoea kuja kwa tanga, akajikuta anapokea ulimwengu mzima kwa kuzungusha kidude kidogo.

Lakini pwani haikuwa uwanja mtupu uliongoja redio ije kuufundisha sanaa. Ilikuwa na taasisi zake za utendaji, hata kama nyingi hazikuwa na jengo wala mlango wa kuuzia tikiti. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze kupiga kanuni. Na mwaka wa 1905 kikaundwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa ambacho kingali hai hadi leo. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtoto wa watu maskini, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka wa 1950, mwaka mmoja kabla Sauti ya Unguja haijaanza. Na iwapo sauti yake ilisikika redioni baada ya hapo, ni kwa sababu santuri zilikuwapo na zilikuwa na jina lake.

Lamu nayo ilikuwa na vyuo vyake. Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa mshairi, mnakili wa miswada, mchonga milango na mpigaji wa kibangala. Katika mtu mmoja mlikuwamo maktaba, karakana na jukwaa. Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, aliasisi Riyadha, msikiti na chuo ambako maulidi husomwa kwa matari hadi leo, ingawa hapo mwanzo walikuwapo wenye vyeo mjini waliochukizwa na matari hayo. Alifariki mwaka wa 1935, na maulidi hayakufa naye. Kila mwaka katika Mfunguo Sita wageni humiminika Lamu, na vijana ambao hawakumwona Habib Swaleh hupiga matari kwa mikono iliyofundishwa na mikono iliyofundishwa naye.

Hapa pana tofauti inayostahili kuzingatiwa. Riyadha, Nadi Ikhwan Safaa na hata vugo la Matondoni ni taasisi kwa maana ya kwamba ndani yake yumo anayejua, yumo anayejifunza, na wapo wanaosahihisha. Mwimbaji akikosea, mwenzake humkata jicho. Kumbukumbu imo katika watu, na watu hukutana. Redio ni kinyume cha hayo. Ina uwezo wa kuifikisha sauti mahali ambapo hakuna tanga lililoweza kufika kwa usiku mmoja, lakini haimjui anayesikiliza, na isipokuwa na ghala na mtunza ghala, haikumbuki ilichokisema jana. Redio husambaza. Kazi ya kuhifadhi ni kazi nyingine, yenye gharama yake na watu wake.

Haitakuwa insafu, hata hivyo, kuilaumu redio pasipo kuitolea shukrani. Chukua mfano wa neno moja. Katika Kiswahili cha kale cha miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ulikuwa wa damu na wa mtaa, na aliyeukosa hakuupata kwa tabia njema. Mwaka wa 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha redioni kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichodumu kwa zaidi ya nusu karne na kuwauliza Wakenya wa kila kabila kama mwenendo fulani ulikuwa wa kistaarabu. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru huko Mombasa. Na baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Tafakari, msomaji: mjukuu wa watu ambao zamani wasingeitwa waungwana ndiye aliyelishika neno hilo, akalitoa katika mabaraza ya wenye nasaba, akaligawia taifa zima kwa jina la adabu. Mbotela alifariki mwezi wa Februari 2025, na maana aliyoieneza imebaki katika vinywa vya watu. Kazi hiyo isingefanywa na baraza lolote la Lamu. Ilihitaji redio.

Ila redio hiyo iliyoligawa neno moja kwa wote ilikuwa pia na Kiswahili chake ilichokichagua. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Yaani uamuzi wa kuviweka kando Kimvita na Kiamu ulifanyika ndani ya Mvita yenyewe. Redio ikafuata njia hiyo. Mtoto wa Matondoni aliyesema mai, yua, muyi na ndia nyumbani, alisikia redioni maji, jua, mji na njia, na polepole akaanza kuamini kuwa mama yake ndiye anayekosea. Wala si shuleni pekee alikojifunza kuona haya. Redio ilikaa naye nyumbani, na haikumkemea hata siku moja. Ilitosha kwamba hakupata kuisikia ikisema kama yeye.

Ndipo inapopendeza kulitaja jina la Ahmed Sheikh Nabhany. Huyu alizaliwa Matondoni mwaka wa 1927, akaingizwa katika ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa mshairi, na akafariki Mombasa mwezi wa Januari 2017. Mwaka wa 1979 shairi lake refu, Sambo ya Kiwandeo, lilichapishwa huko Leiden, Uholanzi. Kiwandeo ni jina la kale la Lamu, na sambo ni chombo cha baharini. Katika tungo hizo Nabhany anaunda jahazi kwa maneno, akizitaja sehemu zake na kazi zake hatua kwa hatua, ili siku ambapo hakuna fundi aliyebakia, msamiati wa mafundi uwe umebakia. Mwaka wa 1985 akatoa Umbuji wa Mnazi, alimoufanyia mnazi yale aliyoyafanyia jahazi. Alifahamu kwamba neno lisilotumika hufa kama chombo kilichopandishwa pwani na kusahauliwa: jua hulipasua, chungu hulila, na hatimaye watoto hulichanja kuni.

La kuajabiwa zaidi ni kwamba mlinzi huyu wa maneno ya kale ndiye pia anayetajwa kuwa mbunifu wa maneno mapya. Neno runinga, ambalo wasomaji wa habari nchini Kenya hulitumia kwa televisheni, hunasibishwa na Nabhany. Kwa hiyo kila jioni, mtangazaji asiyejua hata upande iliko Matondoni hukitaja chombo chake cha kazi kwa jina lililobuniwa na mwana wa Matondoni. Hilo si jambo dogo. Linathibitisha kwamba Kiamu hakikuwa na upungufu wa kuyakabili mambo ya kisasa. Kilichopungua ni nafasi. Aidha, Nabhany alishirikiana na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, ambaye alizitia tungo zake katika muziki na kuzipa uhai ambao karatasi isingeweza kuzipa. Malenga na mwimbaji walipokutana, Kiamu kilifika kwa wasikilizaji ambao wasingeshika kitabu cha Leiden.

Walifikaje? Si kwa redio peke yake. Kuanzia miaka ya 1970 kanda za kaseti zilienea pwani nzima, na watu wakajifanyia wenyewe kazi ambayo stesheni hazikuwafanyia. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service likajulikana kwa kurekodi na kuuza taarabu, hata jina lake la redio likawa kama kinaya, kwa sababu mtu alikwenda pale kununua kile ambacho redio ilimwonjesha mara moja ikanyamaza. Lamu, wakati wa uchaguzi wa 1974 na wa marudio uliofuata 1975, mashairi ya kimondo yalighaniwa, yakatiwa katika kanda na kupita mkono kwa mkono, mtaa hadi mtaa. Hayakuomba ruhusa ya mtangazaji. Kaseti ilikuwa redio ya mtu asiye na mnara. Isitoshe, ilikuwa na jambo ambalo redio haikuwa nalo: msikilizaji aliweza kuirudisha nyuma.

Mahali pengine duniani jambo hili la nani asikike kwa lugha gani lilitafutiwa jawabu la namna nyingine. Katika mji wa Novi Sad nchini Serbia, ambako tamthilia ya taifa iliasisiwa mwaka wa 1861, redio ilipoanza mwaka wa 1949 ilitangaza kwa lugha tano: Kiserbia, Kihungari, Kislovaki, Kiromania na lugha ya Warusini, ambao ni watu wachache mno. Si kwamba watu wa huko ni wema kuliko wengine. Historia ya nchi hiyo ina majeraha yake. Ila walitambua kwamba redio na jukwaa ni ndugu, na kwamba lugha ya wachache ikipewa saa yake hewani, mwenye lugha hiyo hujiona naye ni mwenye mji. Pwani ya Kiswahili haihitaji stesheni tano. Inahitaji kuamini kwamba Kiamu, Kimvita, Kipate na Kitikuu si makosa ya Kiswahili. Ni vyumba vya nyumba moja.

Turudi kwa yule binti. Alipomaliza likizo hakurudi chuoni moja kwa moja. Alikwenda mjini, katika stesheni ambayo babu yake aliamini ndiyo iliyowatuma wale watu wa mashua. Alipokelewa kwa heshima. Aliambiwa kwamba zama zile kanda zilikuwa chache na ghali, na kanda iliyokwisha kutumika ilifutwa ili irekodiwe jambo jingine. Maelezo hayo hayakuwa uongo. Hata BBC huko London ilifuta vipindi vyake vingi vya televisheni katika miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu zinazofanana na hizo. Baada ya kuomba sana, alifunguliwa daftari kuukuu la orodha. Humo, kwa wino uliofifia, aliona mstari mmoja: Ngoma, Lamu, wanawake. Hakukuwa na kijiji, hakukuwa na jina, hakukuwa na siku. Kasha lenye nambari ile lilipotolewa na kanda ikawekwa kwenye mashine, ilisikika hotuba ya ufunguzi wa mkutano.

Binti aliisikiliza hotuba ile hadi mwisho, akitumai kwamba huenda pembeni mwa kanda limesalia pigo moja la pembe. Halikusalia.

Alirudi Matondoni akamweleza babu yake bila ya kumficha. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, akiupapasa ubao aliokuwa akiulainisha. Kisha akasema, "Basi nimemtoa mwenyewe. Waliniuliza mimi, nikasema ndiyo." Maneno hayo yalimchoma binti kuliko lawama yoyote. Kwa miaka yote ile, kumbe mzee hakuwa akingoja wimbo tu. Alikuwa akingoja kurudishiwa amana aliyoitoa kwa ulimi wake, na aliyedhani kwamba wenye redio, kama muungwana yeyote aliyeazima kitu, wangeirejesha.

Siku iliyofuata binti alipita nyumba kwa nyumba. Katika kina mama walioitikia wimbo ule, waliosalia walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa haoni tena. Aliwaalika nyumbani kwa babu yake baada ya Alasiri. Walikuja na pembe mbili; nyingine zilikuwa zimepotea, kwa hiyo wakachukua vifuu vya nazi. Binti aliweka simu yake juu ya mkeka na kuwaomba waimbe.

Hapo mwanzo hawakuafikiana. Mmoja alisema ubeti wa kwanza ni huu, mwingine akasema huo ni wa pili. Yule asiyeona ndiye aliyewapatanisha, kwa kuwa alikumbuka kwa mpangilio wa hatua za kucheza, si kwa maneno. Kila mmoja alikuwa na kipande, na vipande vilipowekwa pamoja, kama mbao juu ya mataruma, chombo kikaonekana. Waliimba kwa sauti zilizokwaruza, wakacheka wenyewe, wakarudia. Fundi alikuwa ameketi nje, kwenye daka la mlango, kama ilivyo adabu ya mwanamume wakati wa vugo. Walipofika kwenye ubeti wa tatu, ule uliokatwa redioni, aligonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"Neno hilo sivyo alivyolisema," alisema kutoka nje. Akalitaja neno lenyewe, kwa tamko la Kiamu, jinsi mkewe alivyozoea kulivuta mwishoni.

Kina mama walitazamana. Asiyeona akatikisa kichwa. "Kweli, ndivyo. Tulikuwa tumelisahau." Wakauimba upya ubeti ule, na safari hii haukukatwa na mtu.

Sauti ya mke wa Fundi haikurudi, na hakuna mwenye akili atakayedai kwamba ilirudi. Kilichorudi ni wimbo, pamoja na kosa lililosahihishwa na mtu pekee aliyeweza kulisahihisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kanda na watu: kanda ikifutwa imefutwa, lakini watu wakikutana mapema, kabla ya wa mwisho kuondoka, hukamilishana. Ole wao wanaochelewa. Lau binti yule angengoja amalize shahada yake ndipo aanze utafiti, pengine angewakuta wawili, au mmoja, au makaburi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina la kujifunza hapa, nalo halihitaji fedha nyingi. Karibu kila mwanachama anamiliki simu inayorekodi vizuri kuliko mashine iliyokuja Matondoni kwa mashua. Huko Unguja, tangu 2002, kipo Chuo cha Muziki cha Nchi za Majahazi ambacho hufundisha vijana udi, kanuni na ngoma kwa njia ya mwalimu na mwanafunzi kuketi pamoja; ni mfano unaoonesha kwamba elimu ya kisasa na mapokeo vinaweza kulala chumba kimoja. Lakini kurekodi pasipo kuandika jina ni kurudia kosa lile lile. Mstari wa Ngoma, Lamu, wanawake ni kaburi lisilo na kibao. Mwenye wimbo aandikwe, kijiji chake kiandikwe, lahaja yake iachwe ilivyo pasipo kusanifishwa, na nakala irudishwe kwa waliotoa. Deni la fasihi simulizi hulipwa pale pale lilipokopwa.

Jioni ile, kina mama walipokwisha kuondoka, binti alichukua daftari na kuanza kuandika. Aliyaandika majina ya waimbaji wanne. Juu yao aliliandika jina la bibi yake, na mbele yake akaongeza neno kiongozi. Kisha akamsomea babu yake. Mzee alisikiliza, akauliza kama wanaoishi mbali nao wataweza kuusoma ukurasa ule.

"Wataweza, Babu."

"Basi mwanzo kabisa andika Matondoni," alisema. "Kwa herufi kubwa. Wasije wakasema tena Lamu tu."

Binti akaandika. Fundi aliizima redio iliyokuwa ikinong'ona juu ya taruma, akamwambia amrudishie wimbo ule tangu mwanzo.